Matone Arobaini na Mawili

Saa mbili asubuhi nesi Mwanaidi alisoma karatasi ya daktari: dripu nusu lita, iishe saa nne. Akapiga hesabu kiganjani kwa kalamu, akapata matone themanini na matatu kwa dakika. Akasita.

"Unangoja nini?" Mzee Kisauti, baba wa mgonjwa, alimkoromea. "Mashine za kupimia dripu zimewafia wakubwa wenu, mke wangu akafia humu humu. Sasa zamu ya binti yangu?"

"Moyo wake dhaifu, baba. Maji yakienda mbio yatamzamisha. Sijui daktari kasema iishe saa nne hii ya asubuhi, au iende kwa muda wa saa nne. Ngoja nikamuulize."

Alirudi anahema. "Muda wa saa nne. Nusu ya mwendo." Akafuta kiganja, akaandika upya, akakaza mpira wa dripu matone yapungue. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akampa mzee. "Nihesabie matone ya dakika moja, baba, tuwe na hakika."

Shule mzee aliishia darasa la pili, lakini kuhesabu alijua. Yakatimia arobaini na mawili.

"Kwa mama yake hakuna aliyekwenda kuuliza," alisema taratibu. "Ahsante, mwanangu."

Nesi alihamia kitanda cha pili. Mzee akabaki na saa mkononi, akilitazama tone jingine likinenepa.