Korosho Huisha Kwanza

Mwanafunzi alizungusha kitasa tena. Mlango haukufunguka.

"Umenifungia?"

"Nimekufungia," sauti ya mwenye ufunguo ilijibu kutoka sebuleni. "Ukitoka utashika ufagio, au utakumbuka nguo za kuanika. Nakujua. Andika."

Alirudi mezani. Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, kompyuta, dirisha lenye nondo, sahani ya korosho na karanga. Simu alishanyang'anywa asubuhi.

Msimamizi wake chuoni alitaka jibu jioni ile, la sivyo utafiti wote ungekataliwa. Alikuwa amepima madini yanayong'aa kama dhahabu, yaliyojijenga chini ya sakafu ya bahari. Salfa iliyomo ndani yake huwa ya aina mbili, nyepesi na nzito, na ya kwenye mchanga yalikuwa na salfa nyepesi. Ya kwenye tope nene, karibu na mdomo wa mto, yalikuwa na salfa nzito. Bahari ni moja, kwa hiyo yalipaswa kulingana. Msimamizi alimwambia wazi kwamba amechanganya sampuli.

Hakuchanganya. Ila hakuwa na sababu, na bila sababu angeonekana mwongo.

Aligonga mlango. Aliomba maji, akaambiwa chupa iko chini ya kitanda. Aliomba apumzike kidogo tu, akakumbushwa kwamba wenzake wote walishamaliza, na yeye amebaki kuwa kichekesho cha mtaa.

"Na nikishindwa?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama."

Akakaa. Joto lilipanda, hewa ikawa nzito. Mkono ulikwenda kwenye sahani, ukarudi na karanga. Hakuwa mpenzi wa karanga. Siku zote alichagua korosho, na sahani ilijazwa kabla hazijaisha, basi karanga hakuzigusa. Leo hakuna aliyejaza. Korosho zilikwisha mapema, akabaki kutafuna alichokuwa akikiruka.

Taya likasimama.

Vijidudu vya chini ya bahari, ambavyo mabaki ya mlo wao ndiyo hujenga madini yale, navyo huchagua. Hutangulia kula salfa nyepesi. Kwenye mchanga, maji ya bahari hupenya na kuleta nyingine, kwa hiyo nyepesi haiishi. Lakini tope likirundikana haraka, maji mapya hayaingii. Vilivyofungiwa humo humaliza nyepesi, kisha hurudia nzito viliyoiacha, na madini yanayojijenga mwishoni huwa na salfa nzito. Bahari haikubadilika. Kilichobadilika ni tope.

Aliandika bila kuinua kichwa. Alipomaliza alisogea mlangoni akasoma yote kwa sauti, taratibu, hata asiyejua salfa ni nini angeelewa.

Kisha ufunguo ukazunguka.

Mwenye ufunguo alikuwa na macho mekundu. Alimvua miwani iliyojaa jasho, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akamrudishia puani.

"Hongera, Mama," alisema. "Hata mimi hesabu za darasa la saba nilizimalizia humu humu, ufunguo ukiwa mfukoni mwako."