Kuvushwa Juu ya Jeneza

Jua la jimbo la Clarendon lilikuwa likichoma utosi, lakini mwili wa Keziah ulikuwa baridi kama mtungi.

Tangu fundi cherehani Lascelles Winter afariki, mtoto huyu wa miaka minne hali wala hachezi. Kila alfajiri husimama dirishani, akicheka na mtu asiyeonekana.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Bwana Winter. Anasema twende."

Marva, mama yake, alimvuta kutoka dirishani. Alijua vizuri marehemu anamfuatia nini mtoto huyu. Ni damu yake, na siri hiyo Marva alidhani anaijua peke yake.

Uani, jeneza lilikuwa bado wazi. Watoto wa marehemu walivushwa juu yake mmoja mmoja, mikono hii kwenda mikono ile, huku kila mtoto akitajwa kwa jina lake na la ukoo wa baba yake. Marehemu akisikia, huridhika, harudi kumchukua. Ukikosea jina, kazi bure.

"Winter! Kwa Kiingereza ndiyo kipupwe," alicheka Bi Icilda, msimamizi wa shughuli, akijipepea. "Kipupwe gani hapa? Masikini Lascelles, barafu aliiona kwenye glasi ya ramu tu!"

Watu wakaangua kicheko. Marva hakucheka.

Bi Icilda akamwona Keziah begani kwa Ransford, mume wa Marva. "Huyo naye mleteni, marehemu alimzoea. Jina lake kamili?"

"Keziah Pinnock," Marva akadakia. Ndilo jina la Ransford.

Wakamvusha kwa jina hilo. Keziah akachungulia jenezani, akatabasamu.

"Nakuja," akasema.

Mungu wangu! Marva akisema kweli, Ransford atamfukuza mbele ya kijiji kizima. Akinyamaza, atamzika mwanawe. Wanaume wawili wakainua kifuniko kulifunika jeneza. Marva akapiga hatua moja kuelekea jeneza.

"Ngojeni kwanza," alisema Ransford.

Hakumtazama mkewe. Alimbusu mtoto kwenye paji la uso, kisha akamnyanyua tena juu ya jeneza.

"Lascelles, mtoto wako huyu hapa, Keziah Winter," akaita kwa sauti kubwa. "Umeshamwona. Sasa niachie mwanangu."