Sahihi ya Kwanza ya Paskazia

Mama Paskazia aliisukuma pembeni pedi ya wino wa kidole gumba.

"Hiyo wapelekee wasiosoma," alimwambia ofisa wa mwekezaji wa machimbo, na wanawake wa darasa langu wakapiga vigelegele. "Mimi naandika jina langu."

Jina hilo nilimfundisha kwa miezi minne, katika kituo chetu cha kisomo na utamaduni nje ya Kahama. Utaratibu wa kituo huanza na jina, kwa kuwa jina hupendeza kwenye picha za mahafali. Kusoma huja mwaka wa pili.

Mama alikuwa ameambiwa kwamba karatasi ile ni ruhusa ya kupima udongo. Nilipoichungulia begani pake, nilisoma kwamba anamwachia mwekezaji shamba lake lote, pamoja na makaburi yaliyomo.

Mkurugenzi wetu aliniona nikisoma. Darasa letu hufadhiliwa na mwekezaji huyohuyo.

"Mwalimu," alininong'oneza, "mwache mama amalize. Mpiga picha anasubiri."

Mama alikuwa ameishika kalamu kwa ngumi nzima, kama mpini wa jembe, na ncha yake ilikuwa inatoboa karatasi. Aliandika P, kisha a, kisha s.

"Mwalimu, imenyooka?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Imenyooka, mayu," nilimjibu, kwa neno la Kisukuma la "mama".

Alipoanza k, niliweka kiganja changu juu ya karatasi. Kalamu haikusimama kwa wakati; herufi ile aliimalizia kwenye ngozi yangu.

"Mayu," nilisema kwa sauti ya darasani, "ngoja kwanza nikusomee."