Njia Yetu Leo

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Mbusa alifunga barabara ya Komanda, njia ya kwenda Butembo.

Hakuwa na kizuizi wala bunduki. Alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ukurasa wake wa mtandaoni, Njia Yetu Leo, wenye wasomaji elfu arobaini. Aliandika mistari mitatu: watu wenye silaha wameonekana, kamio moja imechomwa, msitoke. Chini yake akaweka picha ya kamio, lori la mizigo, ikifuka moshi.

Kufika saa tatu hakuna injini iliyonguruma kwenye parkingi ya magari ya safari. Mashofere walishusha mizigo. Abiria walirudi majumbani na chakula chao cha safari.

Kwa miaka sita Mbusa hakuwahi kukosea. Waliompa habari walikuwa mashofere wenyewe, hasa Delphin wa Komanda, aliyemtumia ujumbe wa sauti kila alfajiri. Redio inaweza kuchelewa na wakubwa wanaweza kuficha, lakini Mbusa akisema nenda, watu walikwenda, na akisema kaa, walikaa.

Tena safari hii mnara wa simu wa Komanda ulikuwa umekufa tangu Jumapili. Wa huku hawakuweza kupiga kule, wala wa kule kupiga huku. Basi watu walizidi kumshikilia Mbusa kama kipofu na fimbo yake.

Nyumbani kwake, mtaa wa Rwambuzi, mfuko mkubwa wa safari ulisimama karibu na mlango. Mke wake, Emérance, aliupita mara kumi kwa siku bila kuufungua.

"Papa Bijou, mama yangu iko anakufa kule Butembo."

"Njia imefungwa, Mama Bijou. Weye mwenyewe umesoma."

"Nimesoma, ndiyo. Siku hizi habari ya bwana yangu nasoma ku simu, sawa na jirani. Itafunguliwa siku gani?"

"Nitakuambia."

"Utaniambia, ao utaandika?"

Mbusa aliutazama mfuko. Jumapili jioni, akitafuta chaja, alikuwa ameufungua mfuko ule. Ndani mlikuwa na vikwembe vyote vya kuvaa vya Emérance, cheti cha ubatizo cha mtoto wao Bijou, na karatasi za alama zake za shule tangu mwaka wa kwanza. Safari ilisemwa ni ya wiki mbili. Lakini anayekwenda kuuguza, nani ajuaye siku yake ya kurudi? Aliifunga zipu vilevile alivyoikuta.

Jumanne aliandika tena: risasi zimesikika, msitoke. Siku hiyo magari mawili yalifika kutoka Komanda, na mashofere wakaapa hawakuona kitu.

"Mungu anawapenda," watu wa parkingi waliwaambia. "Mushukuru, musirudie."

Kwenye ukurasa, shukrani zilimiminika. Vieux, mzee wetu, umetuokoa. Vieux, ubarikiwe. Motari mmoja, dereva wa pikipiki aitwaye Destin, ndiye aliyeuliza: "Vieux, kule rezo ya simu hakuna. Weye unapata habari namna gani?"

"Kila mutu na kazi yake," Mbusa aliandika.

Wakamcheka Destin mpaka basi. "Kesho uende hospitali ufundishe munganga kuchoma sindano!"

Usiku ule Mama Vahwere, mfanyabiashara wa vitenge, aliandika kwamba yeye hawezi kungoja. Atapitia ziwa: atashuka Kasenyi ufukoni, apande mtumbwi wa motere mpaka upande wa Uganda, kisha gari mpaka Butembo. Watu mia mbili waliweka alama ya kupenda. Mbusa aliyasoma maneno hayo mara mbili, akayaacha. Emérance alizaliwa milimani. Maji yakipita magoti aliita Yesu.

Jumatano asubuhi Bijou alinyoosha mkono.

"Papa, nipe simu nimalize muchezo wa magari."

"Bado niko na kazi."

"Kila siku kazi, na magari hayatembei," mtoto alisema, akanuna.

Mbusa alimgusa kichwa, akatoka kwenda mjini kutafuta umeme wa kuchaji. Aliporudi saa sita, mlangoni hapakuwa na mfuko. Simu, ambayo sasa ilikuwa imejaa chaji, ilileta ujumbe:

"Papa Bijou, mama hawezi kungoja njia yako. Tumepitia ziwa na Mama Vahwere."

Alipiga. Haikuingia. Alipiga tena akiwa mgongoni kwa motari, na tena kwenye mteremko wa Kasenyi, vumbi likimjaa mdomoni, akimpiga dereva mabegani: "Kimbiza! Kimbiza, ndugu!"

Ufukoni watu walikuwa wengi, na wote walitazama upande mmoja. Mzee mmoja alikuwa akitandika mikeka juu ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, na wavuvi waliteremka majini na kupanda, wamebeba watu.

Mbusa alisimama nyuma ya watu. Simu ikatetemeka mfukoni. Mnara wa Komanda ulikuwa umefufuka, na sauti za Delphin za siku tatu ziliingia kwa pamoja. Akafungua ya kwanza, ya Jumatatu alfajiri.

"Vieux, njia safi kabisa. Siye tunapita. Andika."

Ya Jumanne na ya Jumatano hakuzifungua. Alijua zinasema nini, kama alivyojua Jumatatu alipoiweka picha ile ya kamio ya zamani.

Barabara ya Komanda, siku tatu: risasi sifuri, kamio iliyochomwa sifuri, maiti sifuri. Ziwani, asubuhi moja, mtumbwi mmoja uliozama: maiti ishirini na mbili. Emérance alikuwa wa tisa kutolewa, Bijou wa kumi.