Magamba ya Miezi Minane

Nilirudi Kitengela na filamu ya kamera mkononi, nikamkuta mama mkwe ameinama uani akikwangua mbao zangu kwa kisu cha jikoni. Kuku walikuwa wamemzunguka wakidonoa magamba.

Mbao hizo zilikaa baharini Mombasa miezi minane. Ubao mmoja niliupaka rangi ya kawaida ya mashua, yenye sumu ya kuzuia magamba, vile viumbe vya baharini vyenye ganda gumu, yasishike. Wa pili niliupaka rangi yangu, isiyo na sumu. Kesho yake wakubwa wa kiwanda cha rangi walikuwa wanakuja kuona ni upi umeshikwa zaidi; filamu ilikuwa ya kuzipiga picha kabla hawajafika.

“Mama, kwa nini umezigusa?”

“Muthoki, kuku wako wanataga mayai bila ganda kwa kukosa chokaa, na wewe unaficha magamba kwa stoo!”

Mama mkwe hapigiwi kelele. Nikameza hasira.

“Na ni ajabu,” akasema. “Ule ubao umenivunjia ncha ya kisu. Huu nimeupangusa na kidole tu, magamba yakaanguka.”

Nikaugeuza. Nyuma kulikuwa na alama ya rangi yangu.

“Mama, kesho utawaambia hivyo?”

“Nani ataniamini, na magamba yameisha?”

Miguuni petu, jogoo alikuwa anameza la mwisho.