Jina Lililobaki Ndani

Wewe ungejibu nini, dada yako akitafuta jina lake kwenye kazi yako asilione?

Mgahawani Sandton, Johannesburg, Mureithi alimpa dada yake simu aione programu ya benki aliyoitengeneza mwaka jana. Dada akafungua ukurasa wa kuwataja walioandika vipande vya msimbo wa kompyuta vilivyotumika bure. Kidole chake, rangi ya kucha imebanduka nusu, kikashuka polepole hadi mwisho.

"Eish, kaka! Kile kipande changu cha kusoma tarehe hukukitumia?"

Alikitumia. Kilikuja ndani ya kipande kingine, nacho ndani ya kingine, na Mureithi alitaja wenye vile vya juu tu. Leseni ya kipande cha dada iliomba tu jina la mwandishi litajwe, basi.

"Kesho nitaliweka, tena la kwanza."

Dada akamrudishia simu.

"Nilitaka Mama alione akiwa hai, kabla hatujamzika."