Usingizi wa Darasa la Tatu

Askari waliorudi kutoka vitani siku hizi hupewa na zahanati usingizi wa mwaka wao mmoja wa zamani, walale kama walivyolala mwaka huo, na mwaka wenyewe huchaguliwa na mama. Mimi nilimchagulia mwanangu Lutengano darasa la tatu. Tangu hapo halali akipiga kelele.

Shida ni asubuhi. Huamka akiwa na miaka tisa, akiuliza kama mvua imekatika. Namfuta masikio kwa kitambaa cha maji ya moto, anacheka vilevile kama zamani. Sikudhani ningekisikia tena kicheko kile. Baadaye utu uzima humrudia.

"Mama, leo kaniamkia, 'Shikamoo dada,'" mkewe Tumpale alilalamika jana. "Mchagulie mwaka wa harusi yetu."

"Mlipooana alikuwa ameshapigana. Mwaka huo alikukaba koo usingizini, umesahau?"



Leo imefika saa sita mchana, bado ana miaka tisa. Fomu ya zahanati inauliza utu uzima humrudia saa ngapi. Ikipita saa mbili asubuhi, usingizi husimamishwa.

Nikaandika saa moja. Tumpale akasoma, akatia sahihi chini ya yangu.

"Mama," Lutengano akaninong'oneza, "huyu mgeni anaondoka lini?"